Mfichua Maovu Akimbilie Wapi?

Katika semina moja ya viongozi wa walei iliyofanyika hapa Morogoro, mzee mmoja kutoka parokia ya milimani alisubiri hadi wakati wa chai ndipo akaniuliza swali lake, tena kwa sauti ya chini. Je, mtumishi wa serikali aliye na hati za wizi wa mali ya umma, naye anajua kwamba wezi wenyewe ndio wakubwa wake, akiona maisha yake yamo hatarini akimbilie nchi gani? Wawili watatu waliokuwa karibu walicheka. Mmoja akajibu, "Ulaya, bila shaka." Mimi sikucheka. Swali la namna hiyo haliulizwi bure, na "Ulaya" si jibu.

Msomaji wa kitabu cha Yeremia afungue sura ya 26. Humo mna nabii asiyetajwa sana mimbarini, Uria mwana wa Shemaya. Alisema juu ya mji na wakubwa wake yale yale aliyoyasema Yeremia. Mfalme Yehoyakimu alipotaka kumwua, Uria aliogopa akakimbilia Misri. Mfalme akatuma watu huko huko Misri, wakamkamata, wakamrudisha, naye akauawa kwa upanga. Kwa nini Misri haikumlinda? Kitabu cha pili cha Wafalme kinatueleza kwamba Yehoyakimu alikuwa amewekwa kitini na Farao mwenyewe. Basi Uria alikimbilia nyumbani kwa rafiki wa adui yake. Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, aliokoka kwa sababu mtu mmoja mwenye cheo, Ahikamu, alimkingia kifua.

Kosa la Uria limerudiwa mara nyingi katika eneo letu. Seth Sendashonga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Rwanda baada ya mauaji ya 1994. Aliwaandikia wakubwa wake barua nyingi juu ya watu waliokuwa wakiuawa na kupotea chini ya serikali aliyoitumikia yeye mwenyewe. Agosti 1995 aliondolewa, akakimbilia Nairobi. Huko alipigwa risasi Februari 1996, akapona. Akabaki mji ule ule. Tarehe 16 Mei 1998 akapigwa tena, na safari hii hakupona. Nairobi ni karibu. Basi zinafika, simu zinafika, na watu wa kutumwa wanafika.

Wala tusidhani kwamba sisi ni bora kuliko jirani. Viongozi wa jaribio la mapinduzi ya Kenya la Agosti 1982, akiwamo Hezekiah Ochuka, walikimbilia Tanzania wakapewa hifadhi. Hawakuwa wafichua maovu, walikuwa askari waasi, lakini hifadhi ni hifadhi. Novemba 1983 serikali mbili zilipopatana, walirudishwa Kenya, na Kenya nayo ikaturudishia watu tuliowatafuta kwa njama za mapinduzi. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Karibu na siku zetu, Novemba 2024, Kizza Besigye wa Uganda alitoweka Nairobi akaonekana siku chache baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Januari 2025 mwanaharakati wa Tanzania aliyekuwa akiishi huko huko Nairobi, Maria Sarungi Tsehai, alitekwa na watu wenye silaha kabla ya kuachiwa saa chache baadaye. Jirani anayefanya biashara na serikali yako, anayebadilishana nayo watuhumiwa, anayekaa nayo kwenye mikutano ya Jumuiya, anaweza kukupa kiti cha kupumzikia. Kitanda ni jambo jingine.

Hapo wana Morogoro watauliza: mbona sisi tuliwahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini na hakuna aliyewarudisha? Ni kweli, na tunayo haki ya kujivunia. Mji wetu wenyewe ulianzishwa na mkimbizi. Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871, aliandika kwamba Kisabengo aliukimbia mkono wa Sultani wa Zanzibar, akawa kiongozi wa watumwa watoro, akajenga ngome yake chini ya milima ya Uluguru. (Hakuwa malaika, Stanley huyo huyo anasimulia alivyowateka watu.) Miaka mia moja baadaye serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, na baadaye makazi ya Dakawa. Shule hiyo walitukabidhi mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Lakini tuangalie ni kwa nini Mazimbu palikuwa salama. Tanzania haikuwa na ubalozi wala biashara na Pretoria, wala haikuwa na jambo lolote la kubadilishana nayo. Tena palikuwa mbali. Makomandoo wa makaburu waliwaua wakimbizi Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985. Miji yote hiyo iko karibu na mpaka wao. Huku hawakufika. Umbali na kutokuwa na urafiki na mtesaji ndivyo vilivyowalinda, pamoja na ukarimu wetu. Ukarimu peke yake usingetosha.

Kuna sehemu ya habari hiyo isiyosimuliwa sana. Mwaka 1969 Chris Hani na wenzake sita waliandika waraka wa kuwashutumu viongozi wa ANC waliokuwa uhamishoni: kwamba wanaishi vizuri, wanajishughulisha na biashara, wamewasahau wapiganaji. Walisimamishwa uanachama, na walikuwapo waliotaka wapigwe risasi. Ni waraka huo, pamoja na mengine, uliosababisha Mkutano wa Morogoro wa Aprili 1969. Oliver Tambo aliweka wadhifa wake mbele ya wajumbe, nao wakamrudishia. Hani na wenzake baadaye walirudishwa katika chama. Mkimbizi naye anaweza kuwa mfichua maovu wa wakimbizi wenzake, na hapo hana tena nchi ya kukimbilia ila haki iliyomo ndani ya watu wake.

Sasa turudi kwenye swali la mzee wetu, maana liko jambo la kisheria ambalo viongozi wa walei wanapaswa kulijua. Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, unasema vizuri kwamba kumpa mtu hifadhi si tendo la uadui. Hata hivyo kifungu chake cha tatu kinazitaka nchi wanachama kuwakataza wakimbizi wasiishambulie nchi nyingine ya Afrika, si kwa silaha tu, bali hata kwa magazeti na redio. Mwanamgambo atanyang'anywa bunduki kwa kifungu hicho, nami nakubali. Lakini mtu aliyekimbia kwa sababu ana jambo la kusema, kifungu hicho hicho kinaweza kutumika kumfunga mdomo. Sababu hiyo inatosha kuiona nchi ya jirani kuwa daraja la kupitia.

Ndivyo alivyofanya Godbless Lema. Novemba 2020 alivuka mpaka wa Namanga na familia yake, akashikiliwa Kajiado, akaruhusiwa kuomba hifadhi, na Desemba alikuwa ameondoka kwenda Kanada. Alikuwa mwanasiasa, na jina lake lilijulikana. Karani wa halmashauri asitegemee kuhudumiwa haraka namna hiyo.

Kwa nchi za mbali, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamlinda anayeteswa kwa ajili ya rangi, dini, taifa, kundi la jamii au maoni ya kisiasa. Neno "mfichua maovu" halimo. Mwombaji atalazimika kuonyesha kwamba kufichua wizi wa wakubwa kumehesabiwa kuwa maoni ya kisiasa. Mwaka 2000 mahakama za rufaa za Kanada na Marekani, kila moja katika kesi yake, zilikubali hoja hiyo. Ile ya Marekani ilimhusu ofisa wa forodha wa Ufilipino. Lakini mwenye kufichua wizi wa mtu mmoja tu, ambao serikali yenyewe inaupinga, aweza kuambiwa kwamba ana ugomvi wake binafsi. Tena sheria hizi hubadilika kila serikali inapobadilika huko, na miaka hii zimekuwa ngumu zaidi. Marekani inataka maombi yaletwe kabla ya mwaka kupita tangu mtu aingie, na katika Ulaya kwa kawaida nchi uliyoingilia kwanza ndiyo itakayokusikiliza.

Zaidi ya hayo, karibu nchi zote hizo humtaka mwombaji awe amekwisha kukanyaga ardhi yao. Mmarekani Edward Snowden alijifunza hayo mwaka 2013. Alitoa siri za serikali yake akiwa Hong Kong, pasi yake ikafutwa, akakwama katika uwanja wa ndege wa Moscow kwa takriban siku arobaini. Aliomba hifadhi katika nchi zaidi ya ishirini. Nyingi zilimjibu kwamba sharti awe ndani ya nchi. Hatimaye alibaki Urusi, ambako alikuwa akipita tu, na mwaka 2022 akawa raia wake. Sasa kila anayetaka kuupuuza ushahidi wake husema, "Mwangalieni anakokaa." Nchi iliyo adui wa serikali yako itakupokea kwa furaha, nawe utakuwa fimbo mkononi mwake.

John Githongo wa Kenya alipanga kwa busara zaidi. Aliteuliwa mwaka 2003 kumshauri Rais Kibaki katika vita dhidi ya rushwa, akagundua mikataba ya Anglo Leasing, kampuni hewa iliyolipwa fedha za umma, na kwamba waliohusika walikuwa wenzake serikalini. Februari 2005 alijiuzulu akiwa amekwisha kufika London. Alipata nafasi Oxford, na ushahidi wake ulipotangazwa mwaka 2006 mawaziri wakajiuzulu. Aliondoka kwanza, akasema baadaye, katika nchi ambayo mahakama zake zaweza kuishinda serikali yake yenyewe, na ambako alikuwa na lugha, marafiki na kazi. Maoni yangu ni kwamba huo ndio mfano wa kufuatwa. Alirudi nyumbani mwaka 2008, lakini hata hapo gharama haikwisha: mwaka 2019 mahakama ya Nairobi ilimwamuru alipe shilingi milioni 27 za Kenya kwa kumkashifu mmoja wa mawaziri wa zamani.

Na asiye na nauli? David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo ya kampuni ya Goldenberg kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi, akawapa wabunge hati hizo. Mwaka 1993 alikamatwa. Mashtaka yakafutwa, lakini kazi akanyimwa. Oxford haikumjua. Alikwenda Mombasa, akabadili dini, akaoa, akaishi kama mtu mwingine. Alipewa tuzo ya uadilifu mwaka 2004, na mwaka 2006 akafa maskini kijijini Narok. Wengi wa wafichua maovu wetu watakuwa akina Munyakei.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Anayepeleka kwenye gazeti haimkingi. Hata hivyo ajaribu njia hiyo kwanza ikiwezekana, na atunze uthibitisho wa kujaribu, kwa kuwa huko ugenini ataulizwa.

Mzee wetu nilimweleza mengi ya haya tukiwa tumesimama na vikombe vyetu. Nilimwambia pia kwamba hati zisikae nyumbani kwake wala katika ofisi ya parokia, na kwamba mke na watoto watakaobaki wasiachwe na jumuiya yao kwa hofu. Huku Uluguru mama ana ukoo wake na shamba la ukoo wake, lakini ukoo nao waweza kutishwa. Alisikiliza hadi mwisho. Hakutaja jina la mtu yeyote, nami sikumwuliza. Kisha akataka kujua jambo moja tu: siku hizi pasi ya kusafiria huchukua siku ngapi kutolewa?