Uthabiti Hauanzii Dukani

Mwandishi aliyedai kwamba Honda TRX400EX haiwezi kutulia konani bila shokapu mpya na ekseli pana amewapotosha wenye kipato kidogo. Pikipiki hii ya magurudumu manne, iliyoanza na toleo la mwaka 1999, haina difu nyuma: magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi moja. Ndiyo maana hukataa kukata kona mpaka dereva ahamishie uzito wake upande wa ndani. Hakuna shokapu itakayoondoa hilo.

Kabla ya kununua chochote, anzeni na upepo wa tairi. Tairi hizi hutumia PSI chache sana, aghalabu 4 hadi 6. Geji ya gari haisomi vizuri kiwango hicho, na tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto huvuta usukani. Kisha kagueni beringi, bolijointi na ncha za tairodi, kilicholegea kibadilishwe. Pimeni mwelekeo wa tairi za mbele kwa futi kamba. Rekebisheni springi kulingana na uzito wa dereva.

Vipuri vipana vina faida, sikatai. Lakini kuvifunga juu ya bolijointi zilizochakaa ni kutupa fedha na kuhatarisha maisha. Tengenezeni kwanza, mnunue baadaye.