Kwenu ni wapi?

Ukiulizwa kwenu ni wapi, unajibu haraka: Rombo, Bukoba, Songea. Lakini Kimara umeishi miaka 20, na jina la jirani unayepakana naye hulijui. Jumuiya ikisali mtaani kwako Jumamosi, unasema, "Mimi hapa natafuta maisha tu." Jirani akifiwa, unaona turubai limefungwa, unapita.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule. Kwao palibaki Yerusalemu, lakini Mungu aliwataka waishi kweli pale walipo.

Krismasi nenda kwenu, ukawasalimie wazee. Ila wiki hii piga hodi kwa jirani. Ukiugua usiku, Rombo ni mbali.

Jumapili njema.