Pimeni Zamu, Msipime Moyo

Mkulima wa Tongaren akipeleka mahindi yake kwenye ghala la Bodi ya Nafaka kule Kitale, yanapimwa unyevu kwanza. Yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi vivyo hivyo, ni lazima yakaushwe. Hakuna anayeyauliza mahindi yanajisikiaje, na namba ikishatoka, kuna jambo la kufanywa.

Sasa tazama tunavyowapima wahudumu wa afya na walimu wao. Mtu anakuja na fomu. Pengine ni hojaji ya Maslach, iliyotoka Marekani mwaka 1981, yenye sentensi 22: kazi imekumaliza kiasi gani, umeanza kuwaona wagonjwa kama vitu, unaona unachofanya kina faida? Pengine ni ile fupi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998, sentensi 5 tu kuhusu wiki 2 zilizopita: umekuwa mchangamfu, umetulia, umeamka ukiwa umepumzika. Kila jibu lina alama 0 hadi 5, jumla inazidishwa mara 4 ili ipatikane alama juu ya 100. Fomu zinakusanywa, wastani unapigwa, ripoti inasomwa hotelini, watu wanakunywa chai. Zamu ya usiku inabaki vile vile ilivyokuwa.

Mimi sina ugomvi na hesabu. Ugomvi wangu ni mahali kipimo kinapowekwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilifafanua uchakavu huu wa wafanyakazi katika orodha yake ya magonjwa, likasema si ugonjwa: ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi usiodhibitiwa. Basi kama chanzo kiko kazini, mbona kipimo kinawekwa kifuani mwa sista?

Na hicho kifua hakitasema. Sisi watu wa huku tukiulizwa habari tunajibu nzuri. Mulembe? Mulembe. Habari ya kazi? Nzuri tu, tunasukuma. Ukweli unakuja baadaye, baada ya neno "lakini": lakini mshahara haujaingia, lakini tuko wawili tu, lakini glavu ziliisha Jumanne. Fomu inaishia kwenye "nzuri". Na kama imeletwa na mkubwa wake, na kandarasi yake inaisha mwezi wa sita, ni nani atatia alama kwamba amewachoka wagonjwa?

Tuseme sista yuko peke yake usiku katika kituo cha mashambani. Akina mama wawili wamefika na uchungu. Mtoto mwenye degedege analetwa kwa bodaboda. Ambulensi imeenda Kitale na rufaa. Asubuhi wanafika wanafunzi wa KMTC waliotumwa kujifunza kwa vitendo, na wa kuwafundisha ni yeye yule, ingawa hati yake ya mshahara haimtambui kama mwalimu. Somo la kwanza wanalopata kwake ni jinsi ya kuchoka bila kusema. Halafu umuulize kama wiki hizi mbili ameamka akiwa amepumzika. Kwani alilala saa ngapi?

Isitoshe, watu hawa walishajibu zamani, na hawakuhitaji fomu. Madaktari walitia saini mkataba na serikali Juni 2013. Haukutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 wakagoma, wakakaa siku 100, na Februari 2017 viongozi 7 wa chama chao wakafungwa jela. Mwaka huo huo wauguzi wakagoma takriban miezi 5. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena, siku 56. Sababu moja ilikuwa daktari tarajali: mkataba wa 2017 ulimpa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kumlipa 70,000. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, wakiwemo wanaofundisha udaktari, waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9. Baada ya yote hayo, bado kuna mtu anataka kujua kama wametulia?

Najua jibu litakalokuja: wapo wanaoumia moyoni kwa kweli, na wengine wamejitoa uhai. Ni kweli, na ni msiba. Hao wapewe mshauri, kwa siri, bila malipo, leo. Lakini hiyo ni tiba, haiwezi kusimama mahali pa hesabu ya kilichowaumiza. Na tafadhali, msituletee warsha za kuwafundisha watu kuvumilia. Ati wajifunze kupumua. Kuvumilia wanajua kuliko mwenye kuwafundisha.

Kaunti ndizo zinazoendesha hospitali na zahanati zetu tangu 2013. Basi kila mwezi zibandike ukutani, mahali ambapo mgonjwa naye anasoma: zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, mshahara uliingia tarehe ngapi, ni siku ngapi za likizo wafanyakazi wanadai, tarajali alikaa kazini saa ngapi mfululizo, mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi wangapi. Kisha pawekwe kikomo, kama cha unyevu wa mahindi. Namba ikikivuka, mtu aongezwe, deni lilipwe, au mkubwa aje aeleze mbele ya watu.

Mtasema hakuna pesa. Pengine. Lakini namba hizo ziko tayari kwenye vitabu vya zamu na hati za mshahara. Kuzinakili hakuhitaji mfadhili. Kinachoogopwa ni kwamba hojaji humhukumu mfanyakazi, ilhali kitabu cha zamu humhukumu mwajiri.

Mpaka siku hiyo, mkija na fomu zenu, njooni pia na mtu wa kumshikia sista zamu wakati anapoijaza.