Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Kikague Chombo



Mwezi huu hatutazungumza juu ya surua wala uji wa lishe. Tutazungumza juu ya mandolini. Tunajua wengine mtashangaa na kuuliza, muuguzi na mandolini wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo, maana jambo hili lilianzia nyumbani kwetu, na nusura lituharibie uhusiano wetu na binti yetu.

Binti yetu wa tatu ana umri wa miaka 13. Mwaka jana kwaya ya wageni ilikuja kwenye tamasha kanisani kwetu. Miongoni mwa vyombo vyao kilikuwapo kimoja kidogo, mfano wa gitaa la mtoto, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba na tamu, ikisikika juu ya magitaa yote. Tangu siku ile mtoto hakutupa nafasi ya kupumua. Kila jioni ni mandolini, mandolini.

Zamu yetu ya upatu ilipofika, fedha zile tulikuwa tumezipangia kabati la vyombo. Baba yao alisema kabati halikimbii, ila akatuonya kwamba watoto huchoka upesi. Basi tukaenda mjini na binti yetu, tukanunua mandolini ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwapo dukani. Tuliichagua kwa macho, kama tunavyochagua kitenge. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina nakshi pembeni. Hatukuigusa uzi hata mmoja.

Wiki ya kwanza mtoto alipiga kila siku. Wiki ya pili akapiga siku moja moja. Wiki ya tatu mandolini ikatundikwa ukutani. Tulipomwuliza, alisema vidole vinamwuma na sauti hazikubaliani. Hapo tukasema maneno ambayo hata leo tukiyakumbuka tunaona haya. Tulimwambia ni mvivu, ametuchezea fedha, na dada yake asingefanya hivyo. Mtoto hakujibu kitu. Siku kadhaa zikapita bila kuimba, hata wakati wa kuosha vyombo, naye ni mtoto ambaye tangu utoto wake nyumba hujua kwamba yupo kwa sababu anaimba.

Tazameni kosa letu. Tumekaa wodini zaidi ya miaka 20. Mgonjwa akisema anaumwa, hatumwambii kwamba anajidekeza. Tunamwangalia kwanza, tunapima, ndipo tunasema. Lakini mtoto wetu wa kumzaa aliposema vidole vinamwuma, hatukuviangalia vidole wala hatukukiangalia chombo.

Mzee mmoja anayetengeneza magitaa ya kwaya alipita nyumbani kuchukua ufunguo wa kanisa, akaiona mandolini ukutani. Akaitungua, akaipiga mara moja, akakunja uso. Akaomba rula ya shule. Akapima nafasi iliyopo kati ya nyuzi na shingo pale katikati, akasoma milimita 5. Akasema, "Mama, hata mimi mwenye vidole vya kushika randa nisingeweza kuipiga hii. Mtoto hana kosa."

Ndugu zetu, maneno yale yalituchoma. Alipomaliza kuitengeneza, muda usiozidi saa moja na nusu, alimwita binti yetu akamkabidhi. Sisi tukaona hatuwezi kungoja hadi jioni. Tukamwambia mbele ya mzee yule, "Mwanetu, tulikukosea. Utusamehe." Akainama, akatabasamu, akaanza kupiga.

Tangu hapo tumeuliza na kujifunza, nasi tunawapa mliyoyakosa sisi, ili mama mwingine asipitie tuliyopitia.

Mandolini ni chombo gani?

Mandolini ina nyuzi nane za chuma, zilizopangwa mbili mbili. Kila jozi hutoa sauti moja, hivyo kwa mpigaji ni kama nyuzi nne tu. Sauti zake, kuanzia ile nene, ni G, D, A na E, sawasawa na fidla. Mtoto akijua mandolini, siku akishika fidla vidole vyake vitakuwa vimekwisha kujua njia.

Zile za zamani, za mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa, zilistawi sana huko Napoli, Italia, katika karne ya 18. Hizi za mgongo bapa tunazoziona zaidi madukani asili yake ni kazi ya Orville Gibson, fundi wa mji wa Kalamazoo nchini Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1898. Huko Marekani, Bill Monroe wa Kentucky, aliyefariki mwaka 1996, alijenga juu ya chombo hiki muziki mzima unaoitwa bluegrass. Na kule India ya Kusini, U. Srinivas, aliyefariki mwaka 2014, aliitumia kupigia muziki wa kale wa kwao. Kwa hiyo asiwepo wa kumwambia mtoto wenu kwamba hiki ni kichezeo.

Unapokwenda kununua

Kwanza, usinunue nakshi. Kuna mandolini zenye umbo la tone la maji, huitwa A, na kuna zenye mkunjo kama pembe ya kondoo juu, huitwa F. Mkunjo ule ni kazi nyingi ya mikono, na kazi hulipiwa. Mkoba ukiwa mwepesi, chukua umbo la A. Fedha zilezile zitakupatia mbao nzuri zaidi.

Pili, tazama shingo. Ishike mandolini kama unavyotazama ubao kama umenyooka, jicho moja likiwa mwanzoni mwa shingo. Ikiwa imejipinda kama upinde au imejisokota, irudishe, hata ukipunguziwa bei.

Tatu, zungusha skrubu zote nane za kukazia nyuzi. Ziwe zinakwenda taratibu, zisiruke wala kukwama. Nne, pitisha kidole pembeni mwa shingo. Vile vijichuma vinavyoikatiza, ambavyo wapigaji huviita freti, visikukwaruze. Tano, tazama kama kuna ufa, au mahali gundi ilipoachia. Mwisho, bonyeza kila uzi kwenye kila freti na kuupiga. Ukisikia mlio wa kukereza, mwulize muuzaji. Akikuharakisha, nenda duka jingine.

Na unapopanga fedha, usizimalize zote kwa mandolini. Bakiza za seti moja ya nyuzi nyembamba na za fundi. Chombo cha bei nafuu kilichotengenezwa vizuri humfaa mwanafunzi kuliko cha bei kubwa ambacho hakijaguswa.

Kuiweka tayari

Mama mwenzetu, hapa ndipo tulipokosea. Mandolini nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa hazijamaliziwa, mfano wa shati lililoshonwa bila kupimwa kwa mvaaji.

Katikati ya tumbo la mandolini kuna kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, kinaitwa daraja. Daraja hili halikugundishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ndiyo maana hatuondoi nyuzi zote kwa pamoja, bali tunabadili mmoja baada ya mwingine. Ukiziondoa zote, daraja linaanguka na kipimo kinapotea.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Pima kuanzia mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapopita kwenye mifuo midogo, hadi freti ya 12. Kutoka hapo hadi kwenye daraja pawe karibu na urefu uleule. Katika mandolini nyingi uzi mzima, toka mifuo hadi daraja, ni kama sentimita 35, hivyo nusu yake ni kama sentimita 17 na nusu. Kisha uthibitishe kwa sikio. Piga uzi ukiwa wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12 na kuupiga tena. Iwe sauti ileile, ila ya juu, kama mama na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Ile ya kubonyeza ikiwa kali kupita kiasi, legeza nyuzi kidogo na usogeze daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa imepoa, lisogeze mbele. Daraja la binti yetu lilikuwa limekosea kwa sentimita nzima. Maskini, asingeweza kupata wimbo hata angefanya mazoezi mwaka mzima.

Baada ya hapo ni kimo cha nyuzi. Juu ya freti ya 12 nafasi iwe kama milimita 1 na nusu upande wa nyuzi nyembamba, na kama milimita 2 upande wa nyuzi nene. Daraja huwa na magurudumu mawili madogo ya kulishusha na kulipandisha. Legeza nyuzi kwanza ndipo uyazungushe. Miguu ya daraja nayo ilale sawasawa juu ya mbao. Ukiona mwanga chini yake, fundi huweka msasa juu ya tumbo la mandolini, uso wa msasa ukitazama juu, kisha husugua miguu ya daraja hapo mpaka ikae vizuri.

Kimo cha mwanzo wa shingo pia kina maana. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, utazame juu ya freti ya 1. Nafasi iwe ndogo sana, kama unene wa karatasi. Ikiwa kubwa, mifuo inahitaji kuchimbwa kidogo kwa tupa nyembamba. Hiyo ni kazi ya fundi, msijaribu kwa kisu cha jikoni. Na chuma kilichomo ndani ya shingo cha kuinyoosha, mwachieni fundi vilevile. Ninyi mnaweza kupaka unga wa penseli kwenye mifuo ili nyuzi ziteleze.

Nyuzi mpya hunyooka kwa siku kadhaa, hivyo sauti itashuka mara kwa mara. Msidhani imeharibika. Siku hizi simu nyingi zinaweza kuwekewa programu ya kupimia sauti, na mtoto atawafundisha. Jozi ya A iwe 440. Ukiupita, ushushe chini kabisa ndipo uupandishe tena, maana uzi uliokazwa kwa kupanda hukaa.

Ushauri wa muuguzi

Vidole vitauma wiki mbili au tatu za kwanza hata chombo kikiwa kizuri, mpaka ngozi ikomae. Dakika 10 au 15 mara mbili kwa siku zinatosha. Kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi. Lengelenge likitokea, lisitumbuliwe. Apumzike mpaka lipone. Akisikia ganzi au maumivu ya kiwiko cha mkono, aache, naye atazame kama hakukunja mkono kupita kiasi.

Wakati wa kubadili nyuzi, uso uwe mbali, maana uzi ukikatika huruka, na jicho halina spea. Ncha zilizokatwa zikunjwe ndani, zisimchome mtu. Kile kijipande cha plastiki cha kupigia kiwekwe mbali na watoto wadogo. Kinatosha kabisa kumkaba koo mtoto anayetambaa.

Mkikaa karibu na bahari, futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kwa kuwa hewa ya chumvi huleta kutu upesi. Na popote mlipo, msiiache ndani ya gari juani. Gundi huachia.

Neno la mwisho

Binti yetu bado hajaingia kwenye kundi la wapigaji wa kwaya. Anajua milio mitatu, G, C na D, ambayo kwa mandolini huhitaji vidole viwili tu, na kwa hiyo mitatu anazimudu nyimbo nyingi za shule ya Jumapili. Jioni moja baba yao, aliyetuonya juu ya watoto kuchoka, alikuta anapiga akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Kabati la vyombo bado hatujalinunua.

Tunajiuliza ni mara ngapi tumemwita mtoto mjinga wa hesabu kumbe haoni ubaoni, au msichana wa kazi mzembe kumbe jiko lenyewe bovu. Mtoto akisema jambo linamwuma, tuchukue rula kwanza. Maneno tuliyomwambia binti yetu hatuwezi kuyarudisha. Tunaloweza ni kumwomba msamaha, na safari nyingine kuangalia kabla ya kusema.

Tuwatakie amani majumbani mwenu hadi mwezi ujao.