Duka la Mchezaji ni la Nani?

Katika Kiswahili, neno "mwenye" lina uzito wake. Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye duka: kila tunapotamka hivyo tunamtaja mtu ambaye kauli yake juu ya mali hiyo ndiyo ya mwisho. Kijana anayesimama nyuma ya kaunta akingoja mshahara wa mwisho wa mwezi hatumwiti mwenye duka; huyo ni muuzaji. Leo, ndugu msomaji, ningependa tulipime neno hili mahali ambapo walimu wa lugha hatuendi mara nyingi: katika michezo ya mtandaoni ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, mhunzi au mfanyabiashara, na akipenda hufungua duka lake humo.

Wapo wazazi wanaoiona michezo hiyo kuwa upotevu mtupu wa wakati. Sikubaliani nao. Tazama Ultima Online, mchezo ulioanza nchini Marekani mwaka 1997. Mchezaji alijenga nyumba, akamweka mlangoni mchuuzi anayeendeshwa na kompyuta, akampa bidhaa na kupanga bei mwenyewe. Mchuuzi huyo alidai ujira kila siku. Sarafu zikimwishia, alitoweka na bidhaa zikapotea pamoja naye. Nyumba iliyotelekezwa nayo ilichakaa hadi ikaanguka, huku wachezaji wengine wakikesha kando wakingoja kuviokota vilivyomo (tabia ya binadamu haibadiliki hata katika ulimwengu wa kubuni). Aliyepitia hayo anaelewa gharama za kuendesha biashara upesi kuliko ninavyoweza kumweleza kwa chaki na ubao.

Mwaka 2003 ulikuja mchezo mwingine, Star Wars Galaxies, ambao kwa mwalimu wa uraia ni hazina. Humo takribani kila kifaa cha maana kilitengenezwa na wachezaji, kikabeba jina la fundi wake; fundi hodari alitafutwa na wateja kutoka mbali, na fundi mlaghai alijulikana vilevile. Wachezaji walianzisha miji yao, wakamchagua meya kwa kura, na meya akaweka kodi. Wenye maduka walilipa, wakanung'unika, na uchaguzi ulipofika walikuwa na nafasi ya kumwondoa. Nani angesema hilo si somo la uraia?

Lakini juu ya meya palikuwa na mamlaka ambayo hakuna raia wa mji huo aliyeipigia kura. Mnamo Novemba 2005 kampuni ya mchezo iliandika upya kanuni zake karibu zote. Fani zaidi ya 30 zilipunguzwa zikabaki 9, na wachezaji wengi wakahama kwa hasira. Fikiri juu ya mwenye duka: rafu zake zimejaa, jina lake bado linasifiwa, lakini wateja wameondoka kwa uamuzi ambao hakuulizwa. Tarehe 15 Desemba 2011 mchezo wote ukazimwa, na kila duka likazimika nao.

Hapo ndipo neno "mwenye" linapotushinda. Mtu huyo alikuwa mpangaji, tena mpangaji dhaifu.

Mlinganisho uko karibu nasi. Mama anayevuka Petite Barrière na kikapu cha nyanya kuelekea Goma naye huishi chini ya kanuni asizoziandika. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, riziki ya wengi ilikatika ghafla, na sitaki kuupunguza uchungu huo. Hata hivyo, nyanya zilibaki zake. Aliweza kuziuza upande huu, kuzipika au kumgawia jirani. Katiba ya Rwanda, katika ibara ya 34, inalinda mali ya mtu binafsi, na wafanyabiashara wakiungana katika chama cha ushirika wanajua mlango wa kubisha. Mwenye duka la mchezoni hana kikapu cha kurudi nacho nyumbani.

Mtaniambia: "Mwalimu, huo ni mchezo tu, na aliyeujenga ana haki ya kuufunga." Hoja hiyo ina nguvu pale mchezaji anapotumia muda wake pekee. Inadhoofika pesa halisi inapoingia. Mwaka 2012 mchezo wa Diablo III ulifungua soko ambamo wachezaji waliuziana silaha kwa dola halisi, kampuni ikichukua ada yake katika mauzo. Machi 2014 soko hilo likafungwa. Mtu akishakutoza ada ya biashara, hawezi tena kukuambia kwamba biashara yako ilikuwa ya kuigiza. Kwa maoni yangu, kampuni ya namna hiyo inapaswa kueleza mapema, kwa lugha ambayo kijana wa Rubavu anaweza kuisoma, itatoa notisi ya siku ngapi kabla ya kufunga na fedha zilizobaki zitarudije kwa mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujalipa faranga kwa simu ili upate duka, upanga au kiwanja cha mchezoni, fungua yale masharti marefu ambayo sote huyapita haraka. Tafuta maneno matatu: "leseni", yaani ruhusa ya kutumia kitu cha mwingine, "kubatilisha", yaani kuiondoa ruhusa hiyo, na "bila taarifa". Ukiyakuta yote katika aya moja, niandikie hapa chini, kwa Kiswahili sanifu, unadhani ni neno gani lingefaa badala ya "mwenye".