Mwakani Siyo Neno la Wajinga

Jumatano ile ya tarehe 25 Juni 2025, dakika ya 86, Clement Mzize alipopiga la pili, kibanda umiza cha nyuma ya hosteli yetu kiligawanyika. Upande mmoja watu walipanda juu ya mabenchi. Upande wa pili, upande wetu, watu walianza kutafuta kandambili zao kwenye giza wakatoka bila kusema neno. Yanga 2, Simba 0. Tuliingia mechi ile, ya mwisho wa ligi, tukiwa nyuma kwa pointi moja tu. Tungeshinda, tungekuwa mabingwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumepoteza fainali ya Afrika.

Asubuhi yake nilikwenda kunywa chai kwa mama ntilie nikitegemea kukuta msiba. UE zipo mlangoni, ubingwa umekwenda, nani atakuwa na hamu ya kuongea? Nikawakuta wana Simba wenzangu watano wamezunguka meza moja, chapati mkononi, wanapanga kikosi. "Tukipata beki wa kati mmoja wa maana na winga mmoja, mwakani hawatuoni." Mmoja wao jana usiku alikuwa analia kabisa, machozi, siyo utani.

Mtani wangu ninayelala naye chumba kimoja, Yanga damu, alisimama pale na kikombe chake akawaangalia kama daktari anavyoangalia wagonjwa. Akasema: "Nyie mna ugonjwa. Kila mwaka mwakani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini maneno yale nilirudi nayo chumbani, na badala ya kufungua notisi nikakaa nayo siku nzima. Je, ni kweli ni ugonjwa? Maana mashabiki wa Simba msimu wa 2024/25 tumemaliza bila ubingwa wa ligi kwa mwaka wa nne mfululizo, tumefungwa na mtani mara tano mfululizo tangu zile tano bila huruma za Novemba 2023, na bado kila unayemgusa anakwambia mambo yanakuja. Ama sisi ni wajinga, ama kuna kitu tunakiona.

Mimi nasema kuna kitu tunakiona. Ila nasema pia kwamba tunakitumia vibaya.

Tuanze na tunachokiona. Mimi nimezaliwa 2003, mwaka ambao Simba iliwatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti kule kule Cairo, ikaingia hatua ya makundi. Nimekua nikisikia hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Ni hadithi kwa sababu hakukuwa na kitu kipya cha kusimulia. Ilichukua miaka kumi na tano kurudi kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Tena baada ya kutolewa mapema 2013, hatukuonekana kabisa kwenye mashindano ya Afrika mpaka 2018. Yaani kutoka niko shule ya msingi mpaka nimevaa suruali ya sekondari, timu yangu haikupanda ndege kwenda kucheza mechi moja ya ushindani ya CAF. Ubingwa wa ligi wa 2012 tulikaa nao miaka sita ndipo tukapata mwingine.

Tuliporudi 2018, kwenye Kombe la Shirikisho, tukakutana na Al Masry ya Misri. Sare ya 2-2 Dar, sare ya 0-0 kwao, tukatolewa kwa goli la ugenini. Msimu uliofuata tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Tukapigwa tano Kinshasa na AS Vita, tukapigwa tano nyingine na Al Ahly, nchi nzima ikatucheka. Halafu Al Ahly hao hao tukawafunga moja kwa Mkapa, Vita tukawafunga mbili kwa moja, tukaingia robo fainali.

Tangu hapo robo fainali ikawa nyumbani. 2019 tukaishia hapo kwa TP Mazembe. 2021 kwa Kaizer Chiefs, baada ya kufungwa nne kwao na kurudisha tatu kwetu. 2022, Kombe la Shirikisho, Orlando Pirates kwa penalti. 2023 Wydad, penalti tena. 2024 Al Ahly. Watani wakatutungia jina, Mwakarobo, kwamba kila mwaka ni robo. Jina lilikuwa linauma, nakiri. Lakini hebu lisikilize tena taratibu. Ni watu wanakutania kwa sababu kila mwaka uko kwenye timu nane bora za mashindano ya Afrika. Mwaka 2014 hakuna mtu angeweza kukutania hivyo hata angetaka.

Na Aprili 2025 tukakutana tena na Al Masry, robo fainali, tumefungwa mbili kwao. Wale walioona mechi ya marudiano kwa Mkapa hawahitaji kuambiwa. Mpanzu, kisha Mukwala, mbili bila. Halafu penalti, na Moussa Camara pale golini. Mwakarobo ikafa usiku ule. Tukawatoa Stellenbosch nusu fainali, tukafika fainali na RS Berkane. Mbili bila kwao, moja moja Zanzibar, basi. Ni fainali yetu ya kwanza ya Afrika tangu 1993.

Kwa hiyo mtani akisema "kila mwaka mwakani", namwambia hapana, kaka, hesabu vizuri. Mwakani ya 2014 ilikuwa dua tu. Mwakani ya leo ina namba nyuma yake. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu nyuma ya Yanga na Azam, tukaikosa hata Ligi ya Mabingwa. Kikosi kikabomolewa, akaletwa kocha mpya, Fadlu Davids, wakaletwa vijana ambao wengi wetu tulikuwa hatuwajui majina. Mmoja wao, Ahoua, ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2024/25, mabao 16. Kutoka nafasi ya tatu mpaka kubaki dakika tisini tu kuwa bingwa, na kufika fainali ya Afrika, ndani ya msimu mmoja. Mwanafunzi aliyetoka kwenye sapu nne akabakiwa na moja, utamwambia ameshindwa?

Tena mtani wangu ndiye wa mwisho kutuambia habari za ugonjwa. Sisi tulipochukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018, wao walikuwa wapi? Msimu wa 2018/19, chini ya Mwinyi Zahera, klabu haikuwa na hela, wakawa wanatembeza bakuli kwa mashabiki. Tuliwacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini watu wale walichanga, timu ikamaliza ya pili, na hawakuacha kwenda uwanjani. Kufikia 2025 walikuwa wamechukua mara nne na wao, na 2023 wakafika fainali ya Shirikisho. Nilipomkumbusha bakuli, mtani alinyamaza kidogo akasema, "Mzee wangu alitoa elfu kumi, na sisi nyumbani tulikuwa na shida." Hakusema kwa utani. Na mimi sikucheka.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Matumaini ya shabiki siyo maneno ya kijiweni tu. Yana gharama, na kuna mtu anayalipia.

Baba yangu ni fundi cherehani Morogoro. Mwaka 1993 alikuwa kijana, alikuja Dar kwenye uwanja wa zamani wa Taifa kuona fainali ya Kombe la CAF. Simba ilikuwa imetoka sare bila kufungana kule Abidjan na Stella, kilichobaki ni kumaliza nyumbani. Tukafungwa mbili bila. Mzee hajawahi kunisimulia mabao yale. Husimulia safari ya kurudi, jinsi basi zima lilivyokuwa kimya mpaka Chalinze. Ana kadi ya uanachama wa Simba, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mwaka 2025 fainali ya Amaan aliiangalia kwa jirani kwa sababu king'amuzi chetu kilikuwa kimekatika. Alisubiri miaka 32 kuona fainali nyingine, akaikosa tena, na asubuhi akafungua cherehani.

Sasa watu kama yeye tunawapa nini? Kila Julai tunawapa picha za wachezaji wanaoshuka uwanja wa ndege. Kila Agosti tunawapa Simba Day na jezi mpya. Wanafurahi, na mimi nafurahi, nitakwenda nikipata nauli. Lakini usajili siyo mpango. Angalia tulivyobadilisha makocha tangu ule ubingwa wa 2018: Aussems, Vandenbroeck, Gomes, Pablo, Zoran, Robertinho, Benchikha, kisha Fadlu, bado sijamtaja Mgunda aliyekuwa anaitwa kila nyumba inapoungua. Kocha mmoja alifungwa tano na Yanga, siku chache baadaye hayupo. Sisi mashabiki tulishangilia, mimi mwenyewe niliandika status ya kumuaga.

Kwa upande mwingine, jiulize ni lini mara ya mwisho tulipiga kelele kama zile kuhusu uwanja. Klabu ya mwaka 1936, yenye mamilioni ya watu, mpaka leo mwenyeji wa kupanga. Ligi tumechezea KMC kule Mwenge. Fainali ya Afrika, mechi kubwa kuliko zote kwa kizazi chetu, tumeihamishia Zanzibar kwa sababu Mkapa, ambao siyo wetu, haukuruhusiwa kutumika. Amaan ni pazuri na Wazanzibari walitupokea kama ndugu, siwakosei shukrani. Lakini unatafuta mabao mawili dhidi ya Berkane na huwezi kuchagua uwanja wako. Bunju tuna viwanja vya mazoezi, jambo jema. Uwanja wa mechi bado.

Na jiulize ni wangapi kati yetu, wasomi wa chuo, wengine mnasoma uhasibu na sheria, tunaweza kueleza mfumo wa klabu yetu unavyofanya kazi. Mwishoni mwa 2017 wanachama walikubali mabadiliko: asilimia 51 za wanachama, 49 za mwekezaji, na kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi bilioni 20. Sipingi uwekezaji, bila hela zile sidhani kama ningekuwa na hizo robo fainali za kuhesabu hapa. Lakini 51 ni zaidi ya 49 hata kwa hesabu za darasa la tatu. Mwenye 51 ni yule fundi cherehani wa Morogoro na wenzake. Anatakiwa asomewe mapato na matumizi kwa lugha anayoielewa, aambiwe uwanja unaanza lini, na timu ya vijana inatoa wachezaji wangapi kwa mwaka.

Sisi tumegeuza mambo. Kocha tunamnyima subira, viongozi tunawanyima maswali. Timu ikifungwa mechi mbili tunataka kichwa cha kocha. Mkutano mkuu ukija tunaulizia posho na fulana. Ingetakiwa iwe kinyume chake. Subira ilistahili kupewa Fadlu na vijana wake, maana kazi yao ya mwaka mmoja ilionekana kwenye jedwali. Maswali wapewe waliokaa ofisini, maana kazi yao haionekani mpaka uiulizie.

Naomba pia niseme na wana wa hosteli yetu. Kuna mwenzetu siku ile aliweka sehemu kubwa ya boom lake kwenye mkeka, Simba kushinda, kwa sababu "mwaka huu ni wetu". Sasa anakula kwa zamu vyumbani kwetu. Yeye anaita yale mapenzi ya timu. Mimi naona alitaka klabu imlipe kesho yake asubuhi. Mtu anayetegemea mambo makubwa huwa hana haraka ya namna hiyo. Ile hela angelipia kadi ya uanachama ikabaki chenji ya kutosha kula mpaka UE ziishe.

Mtani wangu nimemsomea makala hii kabla sijaileta kwa mhariri. Amesema imejaa visingizio vya Makolo, ila hilo la mapato na matumizi ameomba nimwachie nakala, wakaulize na kwao. Tumekubaliana hapo, mengine tutaonana Agosti.

Na mzee? Asubuhi ile ya tarehe 26, kabla sijatoka kwenda kunywa chai, alinitumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Umekula? Mwakani." Nimemjibu kwamba likizo nikija Morogoro naomba tukae naye anielekeze kuhusu uanachama. Nataka kadi yangu. Nataka siku mkutano mkuu ukiitishwa, na mimi niwe na haki ya kunyoosha mkono.