Upimaji wa dawa za umma usikomee ghalani

MUUGUZI wa zahanati ya mashambani anapomdunga sindano ya oksitosini mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hana namna ya kujua iwapo dawa hiyo ingali na nguvu. Anaamini tu kwamba kuna mtu aliyeipima kabla haijamfikia.

Imani hiyo ndiyo nguzo ya matibabu katika hospitali zote za umma nchini. Mgonjwa humwamini daktari, daktari humwamini mfamasia, naye mfamasia huamini stakabadhi zilizoandamana na shehena.

Kenya haikosi sheria wala utaalamu wa kuilinda imani hiyo. Bodi ya Dawa na Sumu ina jukumu la kusajili dawa na kukagua watengenezaji na wauzaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1992 yaliunda Maabara ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa jijini Nairobi, ambayo mwaka 2008 ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuwa inatimiza viwango vya kimataifa.

Kazi ya maabara kama hiyo ni kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kilichomo, kwamba kidonge huyeyuka kwa wakati unaofaa na kwamba dawa ya sindano haina viini. Kwa mfano, kulingana na viwango vya Uingereza, kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 hakistahili kupungua miligramu 475 wala kuzidi 525.

Hata hivyo, kipimo hueleza hali ya dawa siku ilipopimwa. Oksitosini huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi. Iliyofuzu jijini Nairobi yaweza kuharibika njiani kuelekea Mandera au Turkana, au katika zahanati ambayo umeme hupotea kwa siku kadhaa. Cheti cha maabara hakitabadilika. Dawa itakuwa imebadilika.

Ugatuzi nao umeongeza njia ambazo dawa hupitia. Tangu mwaka 2013, kaunti 47 ndizo zinazosimamia zahanati na hospitali nyingi za umma, ilhali udhibiti wa ubora ulibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti hununua dawa kutoka kwa mamlaka ya kusambaza dawa, KEMSA, lakini maghala yanapokosa dawa au madeni yanapolimbikizana, baadhi hugeukia wafanyabiashara wa kibinafsi. Dawa duni ikipatikana katika rafu ya zahanati, ni rahisi kila mhusika kumnyoshea mwenzake kidole.

Hatari hii si ya kubuni. Septemba 2011, WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa ghushi ya kupunguza makali ya Ukimwi, iliyobandikwa jina la Zidolam-N, iliyopatikana humu nchini. Ilipogunduliwa, tayari ilikuwa mikononi mwa wagonjwa.

Nchini Gambia, msiba ulikuwa mkubwa zaidi. Oktoba 2022, WHO ilitahadharisha kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizotengenezwa India na kupatikana na kemikali za sumu zinazotumika viwandani. Dawa hizo zilihusishwa na vifo vya watoto 66. Gambia haikuwa na maabara ya kuzipima, na sampuli zilipelekwa ng'ambo huku wazazi wakizika.

Mwaka 2017, WHO ilikadiria kwamba takriban dawa moja kati ya 10 katika nchi maskini na zenye mapato ya wastani ni duni au ghushi.

Wapo watakaosema kwamba kaunti ambazo haziwezi kujaza rafu zao haziwezi kugharamia upimaji, na kwamba kuzuilia shehena zikisubiri majibu kutazidisha uhaba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayedai kila katoni ifunguliwe. Yatosha kuanza na dawa ambazo kasoro yake huua upesi: oksitosini, viuavijasumu vya sindano, dawa za malaria na dawa za maji za watoto.

Sampuli zichukuliwe kwenye rafu za zahanati, mahali mgonjwa anapohudumiwa, wala si ghalani pekee. Vipo vifaa vya kupimia vinavyobebwa kwenye sanduku, ambavyo vimewahi kutumika humu nchini kuchunguza dawa za malaria. Havigundui kila upungufu, lakini hufichua dawa isiyo na kiini chochote cha tiba. Zinazotiliwa shaka ndizo zipelekwe maabarani.

Muhimu zaidi, majibu yatangazwe kwa jina la dawa na nambari ya bechi, na yamfikie kila mfamasia kabla dawa haijaisha kwenye rafu. Kipimo ambacho matokeo yake hufungiwa katika faili za Nairobi hakimwokoi mtu wa Lodwar.

Gharama ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kupima. Dawa yenye nguvu nusu haiponyi ugonjwa, bali huvifunza viini kuistahimili, hata ile iliyo bora isifae tena. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika suala hili, kitakayemuumbua si mfichaji, bali mgonjwa aliyekunywa dawa akiamini kwamba imepimwa.